Mwimbaji Mpya wa Radi ya Kwaraa

Melkiori alipata ngiri katikati ya wimbo, na sisi wenzake hatukujua. Alikuwa amefika kwenye mngurumo wa mwisho, pale ambapo kwa miaka ishirini na nane huwa anapiga goti moja chini, anafumba macho na kutoa sauti kama ya lori la mahindi linalopandisha mlima kwa gia mbovu. Safari hii alipiga magoti yote mawili, akashika tumbo la chini, akabaki hapo hapo. Tukadhani ameongeza kionjo. Sadock, mpiga dramu wetu, akanikonyeza na kuongeza kasi. Tulimaliza wimbo mzima ndipo tukagundua kwamba mwenzetu analia.

Mimi ni Yoakimu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na napiga gitaa la besi katika bendi ya Radi ya Kwaraa, yenye jina la mlima wetu. Bendi ina watu wanne: mimi, Sadock ambaye ana bucha, Melkiori mwimbaji, na Salvatory mpiga gitaa, ambaye ni fundi wa kuchomelea pale Bagara. Salvatory ndiye aliyetuingiza katika mambo haya. Zamani mzungu mmoja wa mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia kasha la kanda kama shukrani ya kumchomelea chesesi ya gari mara nne. Salvatory akatuita twende kusikiliza. Upande wa kwanza tulidhani redio imeharibika. Upande wa pili ulipokwisha, tulikuwa tumeshaamua maisha yetu.

Muziki wetu wenyewe tunauita metali. Mji wa Babati unauita muziki wa chuma, na wapo wanaoamini kabisa kwamba ni kelele za karakana ya Salvatory tulizozipa jina.

Kwa miaka yote hiyo hatukuwahi kuwa na albamu. Mwaka huu tukamwendea Jovin, mwenye studio ya kurekodia kwaya. Chumba chake kilikuwa kimebandikwa vipande vya magodoro ukutani. Sadock alipopiga dramu kubwa mara ya kwanza, kipande kimoja kilibanduka. Mara ya pili vilibanduka viwili, kimoja kikamfunika Jovin kichwani. Akajifunua taratibu, akasema, "Wazee wangu, hiki chumba kilijengwa kwa ajili ya alto na soprano. Nyie nitawarekodi ukumbini, laivu, watu wakiwepo. Itapendeza zaidi."

Tukapata ukumbi wa Edda, Bagara, Jumamosi ya tatu ya mwezi wa sita, saa nane mchana. Tukabandika matangazo kwenye nguzo kuanzia stendi hadi Bonga. Zikiwa zimebaki wiki tano, ndipo ngiri ikatoka.

Melkiori alipasuliwa salama. Wiki iliyofuata tulimtembelea nyumbani kwake Nakwa. Alikuwa amelala kwenye kochi, na mkewe Joyce, yaani Mama Hope, amesimama mbele yake kama askari wa benki.

"Daktari amesema miezi mitatu," Joyce alituambia kabla hatujaketi. "Hakuna kubeba kitu, hakuna kukohoa ovyo, hakuna kupiga kelele. Nikamuuliza, na kuimba je? Akasema kuimba hakuna neno. Nikamwambia ngoja kwanza usikie. Nikamwonyesha kwenye simu. Alisikiliza kidogo tu, akachukua kalamu, akaandika: *Marufuku*."

"Ahirisheni," Melkiori alisema kwa kunong'ona.

"Ukumbi wa Edda umejaa sendofu za mabibi harusi hadi Krismasi," Salvatory akamjibu. "Tukiikosa hii Jumamosi, hatuna nyingine."

"Basi pigeni vyombo bila sauti."

Melkiori aligeuza uso, akaangalia ukuta, na ukutani palikuwa na picha yake mwenyewe akiwa kijana, amefungua kinywa mpaka kile kimeo kinaonekana. Nilimwonea huruma sana. Lakini njiani kurudi, Sadock alikuwa tayari anataja majina.

Tulimjaribu Emanuel, kijana anayeimba bongofleva. Alikuwa na sauti nzuri, tatizo ni kwamba kila wimbo ulimfanya aonekane ameachwa. Tuna wimbo mmoja unaoitwa "Daraja Limekatika", wa mafuriko. Emanuel aliuimba kwa uchungu wa mapenzi hadi Sadock akauliza hilo daraja limeolewa na nani. Tukamjaribu Amos, anayenadi mitumba sokoni. Huyu alikuwa na pumzi, anaweza kuunguruma toka asubuhi hadi jioni, ila kila akifika mwisho wa ubeti ulimi ulimteleza: "Chagua, chagua, buku buku!" Tulimshukuru, akaondoka bila kinyongo, na Sadock alinunua suruali.

Zikabaki wiki mbili. Salvatory akaenda Bonga kufunga geti kwa mtu. Alirudi mbio na pikipiki, hata miwani ya kuchomelea hajaivua.

"Nimempata," alisema akihema. "Nilikuwa nachomelea, nikasikia kitu shambani. Nikadhani ni injini ya trekta inakufa. Nikazima mashine nisikilize vizuri. Injini ikasema, 'Mbwa nyie, mahindi ya baba yenu?' Nikapanda ukutani nitazame. Ni mwanamke. Anafukuza nyani. Mwalimu, nyani walikuwa kama thelathini. Walikimbia mpaka mmoja akamsahau mtoto, akarudi kumchukua ameinamisha kichwa kama anaomba radhi."

Kesho yake tukaenda. Mwanamke huyo aliitwa Romana, Mama Praygod, mwenye umri kama wa miaka hamsini hivi, mkulima wa mahindi na maharage, mwenye kitenge safi na heshima nyingi mno. Sauti yake ya kawaida ilikuwa ndogo hata nikadhani tumekosea nyumba.

"Shikamoo Mwalimu. Shikamoo Fundi. Karibuni uji."

"Marahaba, Mama Praygod," nikasema. "Tumekuja kwa ajili ya sauti yako."

Akainamisha macho. "Jamani, na ninyi mmesikia? Hata kwenye kwaya waliniambia nisimame nyuma. Baadaye wakaniambia nisimame mlangoni. Mwisho katekista akaniambia kupanga viti nako ni huduma. Nikakubali, napanga viti."

"Sisi tunataka usimame mbele," Salvatory alisema.

Alitutazama kuona kama tunamtania. Kisha akaomba maneno ya nyimbo. Nikampa daftari. Akasoma polepole, akinyoosha kidole chini ya kila mstari, kama mtu anayesoma mkataba wa kuuza shamba.

"Huu wimbo, 'Ng'ombe wa Mwisho'. Huyu ng'ombe aliugua nini?"

Tukatazamana. Tulikuwa tumeuimba miaka ishirini na mbili bila kujiuliza.

"Ni fumbo," nikasema.

"Ni ndigana," alisema Romana kwa uhakika. "Hapa mnasema alitokwa machozi na kukataa majani. Ni ndigana hiyo. Mngemwogesha dawa ya kupe asingekufa. Na hapa mnasema Kwaraa inatema moto. Kwaraa haitemi moto. Inatema nyani." Akafunga daftari. "Nitaimba. Lakini nimwimbie nani? Mimi siwezi kupaza sauti bila kukasirika."

Mazoezi tulifanyia karakanani kwa Salvatory. Romana alitupa mgongo, akatazama ukuta wa mabati, akasema anawaza nyani, na sauti ikatoka. Nikuambie ukweli, nywele za mikono yangu zilisimama. Melkiori alikuwa anaunguruma kama lori, lakini huyu mama alikuwa anaunguruma kama mtu mwenye haki. Sadock alisahau kupiga.

Siku ya tatu Melkiori akaja. Joyce alimleta kwa bajaji, akamketisha kwenye kiti, akamwekea mto tumboni. Alisema amekuja kumfundisha mwenzake. Kwa kuwa hakuruhusiwa kupaza sauti, alimfundisha kwa kunong'ona.

"Mama Praygod, hapa unapiga goti."

"Nina baridi yabisi, Baba Hope."

"Basi unafumba macho."

"Nikifumba macho nitawaonaje nyani?"

Melkiori akanigeukia. "Mwalimu, anaimba na nyani gani?"

Nikamweleza. Akanong'ona kwamba miaka ishirini na nane yeye alikuwa anawaza mateso ya binadamu. Alipoondoka hakuaga. Jioni ile alinitumia ujumbe kwenye simu: siku ya onyesho atakuja, atakaa mstari wa mbele, na hatatikisika.

Jumamosi ikafika. Tulipoingia ukumbini na vyombo vyetu tulikuta umepambwa. Vitambaa vya waridi na krimu vimening'inia kutoka darini, maputo kila kona, na jukwaani vile viti viwili vikubwa vya maharusi vyenye migongo ya dhahabu.

"Kesho kuna sendofu," Edda akatuambia. "Mapambo yasiguswe. Pigeni katikati."

"Mama, huu ni muziki wa chuma," Salvatory akasema.

"Na hivi ni vitambaa vya kukodi."

Kwa hiyo tukapanga dramu katikati ya viti vya maharusi. Salvatory, aliyevaa fulana nyeusi yenye picha ya fuvu, alisimama chini ya upinde wa maua ya plastiki. Jovin alitega maiki zake, nyingine jukwaani, nyingine zikielekea watu, maana alisema albamu ya laivu bila watu ni mazoezi tu.

Na watu walikuja. Vijana wa bodaboda, wafanyabiashara wa stendi, wanafunzi wangu wa zamani wenye vitambi. Kutoka Bonga zikaja gari mbili za Noah zimejaa akina mama wenye vitenge vya sare, waliokuja kumuunga mkono Romana. Na pamoja nao, katika mstari wa pili, katekista mwenyewe, suti ya kahawia, mikono juu ya magoti. Melkiori alikaa mstari wa mbele, Joyce kulia kwake, ameshika pindo la shati la mumewe.

Romana alipomwona katekista, niliona kabisa shingo yake ikiingia ndani ya mabega.

Tukaanza. Salvatory alikwangua gitaa, Sadock akaporomosha mawe, mimi nikaingia chini na besi, na Romana akafungua kinywa. Ikatoka sauti ya mgonjwa anayeomba maji. Aliimba wimbo wote wa kwanza hivyo, kwa adabu, huku akiinama kidogo kila mwisho wa ubeti. Ulipokwisha watu wakapiga makofi yale ya mkutano wa wazazi: pa-pa-pa, kimya. Maiki za Jovin zilirekodi mtu akikohoa.

"Geuka nyuma!" Salvatory alimnong'oneza. "Tazama ukuta!"

"Ukuta una maua," alijibu Romana, karibu kulia. "Na siwezi kumpa katekista mgongo."

Wimbo wa pili ukawa mbaya kuliko wa kwanza. Nilimtazama Jovin, alikuwa amevua vipokea sauti na kujifuta uso. Nikawaza: albamu ya kwanza ya Radi ya Kwaraa, miaka ishirini na nane ya kusubiri, na itasikika kama mtu anasoma matangazo ya misa karibu na mashine ya kusaga.

Wa tatu ulikuwa "Ng'ombe wa Mwisho", na huo ndio wimbo wa Melkiori hasa. Midomo yake ilikuwa inatembea tangu mwanzo. Salvatory alipofika kwenye kile kipande cha gitaa kinachotangulia ubeti, Romana akachelewa kuingia. Nafasi ikabaki tupu. Na Melkiori, aliyeapa kutotikisika, akasimama wima, akakunja ngumi na kuunguruma mstari wa kwanza wote. Ilikuwa sauti yake ile ile, nzima, kama hajawahi kuugua. Ukumbi ukashtuka. Joyce akavuta shati, kifungo kikaruka. Melkiori akashika tumbo kwa mkono mmoja na kwa mwingine akaanza kupanda jukwaani, anavuta pumzi ya mstari wa pili.

Hapo Romana akamwona. Uso wake ulibadilika. Alisahau katekista, alisahau sare za akina mama, alisahau hata maiki aliyokuwa ameishika mdomoni.

"BABA HOPE! KAA CHINI!"

Maputo mawili yalipasuka. Sisemi kwa kutia chumvi. Yanasikika kwenye albamu, moja baada ya jingine.

"KAA CHINI! MSHONO HAUJAPONA! UNATAKA UTUMBO UMWAGIKE HAPA KWENYE VITAMBAA VYA WATU?"

Melkiori akakaa. Alikaa pale pale alipokuwa, kwenye ngazi ya jukwaa. Na Salvatory, Mungu ambariki, hakuacha nafasi ipite. Akakata gitaa kwa nguvu zake zote, Sadock akashuka naye, nami nikafuata. Romana, akiwa bado anatetemeka kwa hasira, akaendelea juu ya mdundo: "Kaa chini! Miezi mitatu! Kaa chini! Daktari kasema!" Vijana wa bodaboda wakadaka: "Kaa chini!" Akina mama wa Bonga wakapiga vigelegele. Watu waliokuwa wametulia kwenye viti kama wako msibani wote wakasimama kupiga kelele za kaa chini, na aliyekuwa amekaa ni Melkiori peke yake.

Kuanzia hapo Romana hakumwondolea macho. Alimwimbia yeye nyimbo saba zilizobaki. Mafuriko yalipobeba daraja, aliyebebeshwa lawama ni Melkiori. Mlima ulipotema moto, ulimtemea Melkiori. Aliposahau maneno alitia ya kwake, ndiyo maana wimbo wa sita una ubeti mzima kuhusu wanaume wasiofuata masharti ya dawa, na huo ndio ubeti uliofanya akina mama wapande juu ya viti. Nilimtupia jicho katekista. Alikuwa ametoa kitambaa cha mfukoni na anakizungusha hewani.

Tulipomaliza, Melkiori alisimama polepole, akamshika Joyce mkono, wakatoka kabla hatujashuka jukwaani. Furaha yangu ikaingia doa.

Jumatatu Romana alinijia nyumbani na mfuko wa maharage mabichi. Akanionyesha koo lake na kutikisa kichwa. Sauti ilikuwa imekwisha kabisa. Akaandika kwenye simu yake: *Nipeleke Nakwa nikaombe radhi. Nimemdhalilisha mtu mzima mbele za watu.*

Tukaenda. Joyce akatukaribisha, akaleta chai. Melkiori alikuwa kwenye kochi lile lile. Daktari alikuwa amemtazama tena na kukuta mshono uko salama, ila sasa alikuwa amekatazwa hata kuongea kwa wiki moja. Wakaketi wakitazamana: mmoja hana sauti, mwingine haruhusiwi kuitumia.

Romana akanong'ona kwa shida, "Nisamehe, Baba Hope."

Melkiori akachukua daftari la Hope la hesabu, akaandika, akampa. Romana akasoma na kuanza kulia. Nikaogopa. Akanipa nami nisome. Kalamu ilikuwa imekandamizwa hadi karatasi imetoboka: *Nilipiga goti miaka 28 na hawakusimama hata siku moja. Nilidhani ni tabia ya watu wa Babati. Kumbe ni mimi.*

Romana akapokonya kalamu. *Si kweli*, akaandika. *Mimi nilikuwa nimekufa pale. Uliposimama ndipo nikapata wa kumkasirikia. Ule mstari wako wa kwanza ulikuwa mzuri kuliko mistari yote niliyoimba.*

Waliandikiana hivyo karibu saa nzima, wakipokezana daftari, mara kwa mara wanacheka bila sauti huku Melkiori ameshikilia mto tumboni. Joyce alijimiminia chai ya pili, akaniambia, "Mwalimu, hii nyumba haijawahi kuwa na amani hivi. Mje na Jumatano."

Albamu ilitoka mwezi wa nane. Jovin alitaka kuukata ule mstari wa Melkiori, anasema umevuka kipimo na maiki imekwaruza. Romana akagoma, akasema bila mstari ule, watu hawataelewa anamgombeza nani. Ukabaki. Picha ya jalada tumepiga mbele ya vitambaa vya waridi, wanne na Romana wa tano, amekaa kwenye kiti cha bibi harusi. Wimbo wa tatu hakuna anayeuita "Ng'ombe wa Mwisho". Bodaboda wote wa mji wanauita "Kaa Chini", na Joyce ameuweka kuwa mlio wa simu yake. Mumewe akiusikia akiwa jikoni, hutafuta kiti.

Mwezi wa tisa daktari akamruhusu kuimba. Alituma ujumbe kwamba Alhamisi atakuja mazoezini. Sote tulijua maana yake: maiki ya mwimbaji ilikuwa moja. Romana alifika mapema, akaweka daftari lake vizuri mezani na kusimama kando, karibu na mlango, mahali ambapo kwaya walimzoesha.

Melkiori akaingia, akasalimia. Akaona maiki mbele, akaona Romana mlangoni. Alikaa kwenye benchi la kuchomelea.

"Anzeni," akasema.

"Nani aimbe?" Salvatory akauliza.

"Nimesema anzeni."

Romana akatutazama, akasogea, akaimba. Melkiori alisikiliza nyimbo tatu mfululizo, mikono kifuani. Wa tatu ulipokwisha akanyanyuka, akafungua mkoba wake, akatoa maiki ya pili ambayo bado ilikuwa na lebo ya dukani, na waya wake umefungwa kwa mpira.

"Chomeka hii, Fundi," alisema. Kisha akamgeukia Romana. "Mama Praygod, sogea kidogo. Mimi nitachukua sauti ya chini."